Raha jipe mwenyewe? Kufundisha sosholojia ya furaha kwa kuwapeleka wanafunzi mtaani

Siku ya kwanza ya muhula naingia darasani na khanga. Naitandaza mbele ya meza ili wote wasome jina lake: RAHA JIPE MWENYEWE. Darasa linacheka, wawili watatu wanaitikia "kabisa!", halafu nauliza swali moja tu: mara ya mwisho ulipocheka mpaka machozi yakakutoka, ulikuwa na nani? Nawapa dakika tano waandike. Kila muhula majibu yanafanana. Na dada zangu jikoni. Na wenzangu wa chumbani umeme ulipokatika. Kwenye daladala, bibi mmoja alipomjibu konda. Hakosekani anayejitetea kwamba alikuwa peke yake na simu yake, anatazama video. Namuuliza, ulipomaliza kuitazama ulifanya nini? "Nilimrushia rafiki yangu." Basi khanga imeshashtakiwa, na kozi imeanza.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mhadhiri au mwalimu wa chuo anayetaka kufundisha sosholojia ya furaha kwa muhula mmoja wa wiki 15, wanafunzi wakifanya kazi ya kijamii mtaani na si kumeza makabrasha tu. Kozi hii nimeifundishia Dar es Salaam, kwa hiyo taratibu na mifano ni ya hapa. Aliyeko Mombasa atabadilisha ofisi za kubisha hodi. Mengi yaliyobaki yatamfaa.

Kabla ya muhula: shika maswali manne

Wanafunzi wetu wa sosholojia wanalishwa shida kwa miaka mitatu. Umaskini, watoto wa mitaani, dawa za kulevya, migogoro ya ardhi. Mhitimu anaweza kukutajia matatizo mia ya Manzese lakini hawezi kukueleza kwa nini mtu aliyezaliwa pale, akipata fedha na kuhamia Mbweni, bado Jumapili anarudi Manzese kukaa kijiweni. Hilo nalo ni swali la sosholojia, tena gumu.

Kozi yangu yote imesimama juu ya maswali manne, na nayaandika ubaoni kila wiki mpaka wayachoke. Furaha hii imetengenezwa na nani? Kanuni zake ni zipi? Nani anailipia, kwa fedha, kwa muda au kwa jasho? Na nani amebaki nje ya mlango? Ukiyashika hayo, hutapotelea kwenye mambo ya "jipende, jikubali" ambayo yana wenyewe na yana vipindi vyao vya redio. Swali la nne ndilo linalozaa kazi ya kijamii. Mwanafunzi akishaona nani yuko nje, hana budi kujiuliza mlango umefungwa na nini.

Idadi ya wanafunzi ni jambo la kuamua mapema. Nimewahi kufundisha 60, ikaenda. Ukipewa 200, usidanganyike. Gawa semina, omba wasaidizi, au subiri mwaka mwingine. Vikundi viwe vya watu sita, na katika kila kikundi wawepo angalau wawili wanaoujua mtaa wenyewe. Mitaa iwe ya kufikika kwa miguu au kwa daladala moja, maana bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa kikundi kinachotakiwa kupanda magari mawili hakitaonekana tena.

Wiki ya 1 na ya 2: maneno yenyewe

Usianze na nadharia. Anza na Kiswahili, kina darasa zima ndani yake. Andika ubaoni: raha, furaha, starehe, shangwe. Waulize tofauti, na usikubali jibu la kwamba ni visawe.

Raha tunaila: fulani anakula raha. Tunapeana pia, na tunanyimana. Furaha ina kitenzi chake, kufurahi, na mtu anaweza kuwa nayo moyoni bila jirani kujua. Starehe imeingia doa. Ukisema kijana amezama kwenye starehe, umeshamhukumu. Shangwe haifanywi na mtu mmoja. Jaribu kusema "nilikuwa chumbani peke yangu, nikafanya shangwe" uone darasa litakavyokutazama. Muhula mmoja mwanafunzi kutoka Pemba alituongezea buraha, tukabishana saa nzima kama ni ya mtu au ya nyumba. Hatukufika mwisho, na sikuona sababu ya kufika.

Kisha walete hasira kidogo. Mwaka 2017 ripoti ya dunia ya furaha iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Nyuma yetu walikuwa Burundi na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Darasa huwa linalipuka: sisi? Sisi wenye vigodoro, ngoma za mtaani za usiku kucha? Waache walipuke, halafu waeleze namba ilivyopatikana. Mtu anaambiwa awaze ngazi yenye vipandio kuanzia 0 hadi 10, juu kabisa ni maisha bora kuliko yote anayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Wewe umesimama wapi? Ndilo swali lenyewe.

Kazi ya wiki: kila mwanafunzi awaulize watu watano swali la ngazi, kisha awaulize lile la kucheka mpaka machozi. Wanarudi wamechanganyikiwa, na ndivyo unavyotaka. Mama muuza samaki amejiweka kipandio cha 3, halafu akasimulia kwa robo saa jinsi walivyocheka feri siku mwenzao alipokimbizwa na pweza aliyedhani amekufa. Je, alidanganya mara ya kwanza au ya pili? Hakudanganya popote. Ngazi imepima anavyoyatathmini maisha yake, na karo ya watoto imo humo. Kicheko kimepima kitu kingine.

Hapa ndipo napiga marufuku sentensi moja, na naiandika kwenye mtaala kabisa: "Watu wetu ni maskini lakini wana furaha." Mwanafunzi akiiandika, kazi inarudi. Sentensi hiyo mtalii anaisema akipanda ndege, na mkubwa fulani anaisema asipotaka kuleta maji. Yule mama alisema 3. Liheshimu jibu lake.

Wiki ya 3 na ya 4: nadharia, zisizidi tatu

Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, lazima awepo. Mwaka 1912 alieleza jinsi watu wanapokusanyika, wakaimba na kucheza kwa mwendo mmoja, wanavyopandwa na nguvu ambayo hakuna kati yao aliyekuja nayo. Naiita mchemko wa pamoja. Aliandika hayo kwa kutegemea habari za wenyeji wa Australia, na Australia yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Wanafunzi hufurahi kusikia kwamba wao wanaweza kumpita kwa nauli ya daladala. Wapeleke Uwanja wa Benjamin Mkapa siku Simba na Yanga zinapokutana, watu 60,000 wakiinuka kwa pamoja, au kama tiketi hakuna wapeleke kibanda umiza chochote, vile vibanda vya kulipia kutazama mpira. Sharti: mgongo kwenye skrini. Watazame watu. Kijana mmoja alirudi na ukurasa mmoja tu, lakini ulikuwa ukurasa wa dhahabu. Aliandika kwamba bao lilipofungwa watu wasiojuana walikumbatiana, kwamba aliyekuwa na kiti cha mbao alikuwa wa kwanza kusimama, na kwamba ndani walikuwemo wanawake wawili, mmoja akiuza karanga. Maswali yote manne yalikuwa yamejibiwa na hakuyataja hata moja.

Nadharia ya pili ni ya nyumbani, nayo ni utani. Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliandika mwaka 1940 kwamba katika uhusiano wa utani mmoja anaruhusiwa na mila, pengine analazimika, kumfanyia mwenzake mzaha, na mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Wanafunzi wanalijua hili kabla hujafungua mdomo. Kinachowashtua ni historia iliyo chini yake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19. Leo wakikutana ni matusi na vicheko, kila mmoja akimwita mwenzake mtumwa wake. Na mtani yule yule msibani ana kazi. Anavaa nguo za marehemu na kumwigiza anavyotembea. Anaingia kaburini, analala, anagoma kutoka mpaka alipwe, wafiwa wanatoa sarafu huku wanalia na kucheka. Hapo furaha haikuja yenyewe. Kuna mtu amepewa zamu ya kuileta, na asipoileta atalaumiwa.

Mpe kila mwanafunzi kazi ya kupiga simu nyumbani: watani wetu ni akina nani, na ilianzaje? Wengi hawajawahi kuuliza. Na usisahau kuwauliza kwa nini Simba na Yanga, timu za miaka ya 1930, zinaitwa watani wa jadi na si maadui.

Ya tatu ni ya Hochschild, mwanasosholojia Mmarekani, aliyeonyesha mwaka 1983 kwa kuwachunguza wahudumu wa ndege kwamba tabasamu ni kazi, lina mshahara na linachosha. Hiyo ndiyo kazi ya hisia. Pia alisema kila jamii ina kanuni za hisia: hapa cheka, hapa huzunika. Kwetu mfano hautafutwi mbali. Bibi harusi wa pwani aliyeangusha macho chini, hata kama moyoni anaruka, anafuata kanuni. Na kijana wa hoteli Zanzibar anayesema hakuna matata tangu asubuhi hadi usiku, mwulize mkewe akirudi nyumbani anaongea maneno mangapi.

Nadharia ziishie hapo, lakini kabla ya kutoka darasani nasimulia habari moja inayounganisha furaha na harakati, kwa sababu kuna wanafunzi wanaodhani hayo mawili hayakai chumba kimoja. Mwaka 1955 TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na wanawake walikuwa hawajaingia kwa wingi. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuanza kwa kutafuta wanawake mmoja mmoja nyumbani. Alipitia vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, michango, sare na utaratibu wa kuitana. Wanawake wakajiunga kwa maelfu. Siasa ilipanda gari ambalo ngoma ilikuwa imeshaliwasha. Waambie wanafunzi wapekue mtaani kwao: gari lililowashwa tayari ni lipi?

Kupiga hodi

Barua ya utambulisho ya chuo ianze kutembea wiki tatu kabla. Iende manispaa, ishuke kwa mtendaji wa kata, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa akiipokea, mwombe akukutanishe na wajumbe wa mashina, maana hao ndio wanaojua nani kafiwa, nani anaozesha na kiwanja gani kina ugomvi. Barua hata hivyo haikuingizi barazani kwa mtu. Shikamoo ndiyo inayokuingiza, na kukaa mkekani unapoambiwa ukae, na kunywa maji uliyopewa.

Mambo matatu nimeyajifunza kwa kuungua. Marufuku vizibao, fulana zenye nembo na kofia za chuo. Ukivaa hivyo unaonekana mradi, na mradi una posho. Marufuku picha za watoto, hata wakizililia, na kila mtu mzima aombwe ridhaa kabla ya picha au sauti. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hili ni suala la kisheria pia. Badala ya picha, wanafunzi wachore. Mchoro mbaya wa uwanja ukionyesha nani kasimama wapi unanifaa kuliko picha nzuri. La tatu: wajiandae kwa swali la "mmetuletea nini?" Jibu tunalofanyia mazoezi darasani ni la kweli: hatujaleta kitu, tumekuja kujifunza, tutakaa nanyi miezi mitatu, na tukiona pamoja kuna kidogo kinachowezekana tutakifanya pamoja. Wapo watakaoondoka. Watakaobaki ndio wenu.

Wiki ya 5 hadi ya 7: kutazama tu

Wiki hizi tatu ni mateso kwa kijana mwenye nia njema. Haruhusiwi kufanya lolote. Aende mara mbili kwa wiki, saa ile ile, mahali pale pale ambapo watu hufurahi: kijiwe cha bao, saluni, bombani, baraza la kahawa, uwanja wa chandimu (soka la mtaani), mazoezi ya kwaya. Daftari la uwandani liwe na kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto, alichokiona na kukisikia. Kulia, anachokidhani. Mchanganyo wa hizo mbili ndilo kosa la kwanza la kila mmoja, na nalisahihisha kwa kalamu nyekundu bila huruma.

Kikundi kimoja nilikipeleka kwenye harusi, lakini uani, kwenye masufuria. Walikuwa wameshasoma kazi ya hisia, kwa hiyo walikwenda na jibu mfukoni: ukumbini watu wanafurahi, uani wanawake wanalipia furaha hiyo kwa moshi. Na moshi ulikuwepo. Sufuria tatu za pilau, kuni mbichi, mama mmoja anakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, watu wanamenya vitunguu tangu alfajiri. Lakini msichana wa kikundi, aliyeketi anachambua mchele nao, aliandika kwamba vicheko vya uani vilikuwa vikubwa kuliko vya ukumbini. Masihara yaliyosemwa pale, alipiga mstari akaandika, "siwezi kuyaandika, mwalimu." Mama wa mwiko alimwambia kule ndani watu wamekazwa na nguo, huku ndiko harusi iliko. Saa nane usiku, wageni wameshaondoka, wale wale walikuwa wanasugua masufuria, na hapo hakuna aliyecheka.

Ukurasa wa kulia wa daftari lile ulikuwa mtupu. Msichana alikuja ofisini kusema hajui aandike nini. Nikamwambia hiyo ndiyo siku yake bora ya muhula, akaniona namdhihaki.

Wiki ya 8: kutafuta kizuizi

Sasa vikundi vikae na wenyeji, si chini ya watu wanane wa rika mbalimbali, na viulize: hapa mnapofurahia, nani angependa kuja na haji, na anazuiwa na nini? Wenyeji ndio waseme. Kizuizi kiwe kidogo cha kuguswa. "Mfumo dume" si kizuizi cha wiki nne. Taa iliyoungua juu ya kijiwe ni kizuizi cha wiki nne. Nayataka mapendekezo katika ukurasa mmoja: kizuizi, nani kakitaja, nani atapoteza kikiondoka, na nani atakitunza sisi tukiondoka. Swali la "nani atapoteza" wanalirukaruka. Rudisha kila karatasi isiyolijibu, kwa sababu kila mlango uliofungwa una anayefaidika nao.

Bajeti yangu ni shilingi 50,000 kwa kikundi, na ni marufuku kuongeza kutoka mfukoni au kwa mfadhili. Wanafunzi hulalamika kwamba ni kidogo. Nimeiweka ndogo kwa makusudi, na sababu yake ni biskuti.

Muhula wa kwanza kabisa sikuweka kikomo. Kikundi kilichokuwa Temeke, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba za kupanga, kiliamua kuwafurahisha watoto. Walichanga, wakanunua katoni za biskuti na juisi, wakakodi spika. Nilifika saa kumi kasoro. Wasichana saba walikuwa wanacheza rede: wawili wanarusha mpira wa soksi kutoka pande mbili, mmoja katikati anakwepa huku anajaza chupa mchanga, wengine wanahesabu na kubishana, "umeguswa!", "sijaguswa!", "na Mungu anakuona!" Chupa ilikuwa imebaki vidole viwili ijae. Spika ikawashwa. Katoni zikafunguliwa. Mpira ukaanguka, chupa ikapigwa teke na mtu aliyekimbia, na katika dakika mbili palikuwa na foleni ya watoto arobaini, wakubwa wakiwasukuma wadogo, wanafunzi wangu wakipaza sauti "mstari! mstari!" Tulikuwa tumeikuta furaha, tukaigeuza foleni. Yule wa katikati alisimama pembeni na chupa yake, mchanga umemwagika nusu, hakupanga foleni. Ndiye mtoto pekee niliyemwona amekasirika, na alikuwa na haki.

Wiki ya 9 hadi ya 12: kazi yenyewe

Kikundi hicho cha Temeke sikukikatisha. Niliwaambia wakae tena wiki moja na daftari, bila kitu mkononi. Walichokiona ni kwamba rede huvunjika kila siku saa kumi na nusu, biskuti au hakuna. Kwanza walidhani wavulana wa chandimu wanawafukuza. Wavulana waliuchukua uwanja, kweli, lakini baada ya wasichana kuondoka. Walikuwa wanakwenda kioski cha maji. Maji yanafunguliwa saa kumi na nusu, foleni ni ya saa nzima, na binti akiondoka kwenye ndoo yake anapitwa. Wakirudi jua linakaribia kuzama na wanaitwa kuosha vyombo. Wavulana wa nyumba hizo hizo hawatumwi maji.

Hapo kikundi kikawa na uchaguzi. Wangeweza kuitisha semina ya usawa wa kijinsia, na ingehudhuriwa na wale wale wanaohudhuria semina. Badala yake walimwendea mama wa kioski. Aliwasikiliza huku anahesabu chenji, akauliza, "Kwa hiyo mnataka ndoo zipange foleni, wenyewe wacheze?" Ndicho walichotaka. Wakanunua kopo moja la rangi nyeupe na brashi, kila ndoo ikaandikwa namba, na mama akakubali kwamba ndoo yenye namba ina haki ya mtu, na zamu ikikaribia atapiga sufuria. Gharama haikufika nusu ya bajeti ninayoiweka sasa.

Kazi kubwa ilikuwa wavulana, maana wao ndio waliokuwa wanapoteza uwanja. Mazungumzo yalifanyika mara tatu kibarazani kwa mjumbe. Mara ya pili yalivunjika. Kikundi kilibeba Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, inayompa mtoto haki ya kupumzika na kucheza, ambao Tanzania iliuridhia 1991, na mjumbe aliipenda sana akaisoma kwa sauti. Wavulana hawakuijali. Kilichowalegeza ni nahodha wao kukiri kwamba dada yake ndiye anayemchotea maji ya kuoga baada ya mechi. Uwanja ukagawanywa kwa mstari wa majivu, nusu hadi saa kumi na moja na nusu.

Kwa mhadhiri, wiki hizi nne ni za simu. Nenda kila mtaa angalau mara moja, kaa nyuma, usiongee. Kila Ijumaa vikundi vyote vikutane kwa saa moja, kila kikundi kieleze kilichoharibika wiki hiyo. Mafanikio hatuyasikilizi Ijumaa. Bila sheria hiyo utapewa ripoti za mfadhili.

Na usikubali bonanza. Kila muhula kuna kikundi kinachotaka kufunga kazi kwa bonanza, MC, mgeni rasmi na maji ya chupa. Nilikubali mara moja. Viti vya mbele vikakaliwa na waheshimiwa, hotuba zikala saa mbili, na wazee wa bao tuliowafanyia kazi wakasimama nyuma ya kamba wakitutazama sisi tunavyofurahi.

Alama

Gawa hivi: daftari la uwandani 30, kazi ya vitendo 30, kuwasilisha mbele ya wenyeji 15, insha ya mwisho 25. Kama chuo chako kinashikilia 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani, tafuta idhini ya idara mapema insha na uwasilishaji vihesabiwe upande wa mtihani. Ukichelewa utaishia kutunga swali la "Jadili nadharia ya Durkheim".

Hakuna alama ya watu kufurahi. Ukiiweka, wanafunzi watawachekesha wenyeji ili wapate A. Alama za vitendo zinakwenda kwenye mambo haya: kizuizi kilitajwa na wenyeji, aliyepoteza alisikilizwa, kuna mwenyeji anayekitunza, na kikundi kinaweza kueleza kilichoshindikana na sababu yake. Kikundi kilichoshindwa kabisa kimewahi kupata 27 kati ya 30. Walitaka taa ya kijiwe cha kahawa, wakagundua wanywa kahawa wenyewe waliivunja kwa sababu wanapenda giza, wadai wao wasiwaone. Waliandika ukurasa mmoja kuhusu furaha inayohitaji kujificha ambao ningejivunia kuuandika mimi. Sapu, yaani mtihani wa marudio, huwa nawapa wale tu wasiokwenda mtaani; mwenyekiti wa mtaa ndiye anayeniambia.

Uwasilishaji wa wiki ya 14 ufanyike mtaani, barazani, kwa Kiswahili cha watu. Wenyeji waruhusiwe kusema "siyo hivyo". Mama wa mwiko alikuja kwenye wa kwake, akasikiliza habari za kazi ya hisia mpaka mwisho, kisha akauliza kama hao wahudumu wa ndege nao huwa wanapewa ukoko wa pilau.

Wiki ya 15: rudi bila daftari

Safari ya mwisho ni ya kuaga na kutazama kilichobaki, mikono mitupu. Nilifuatana na kikundi cha Temeke. Mstari wa majivu ulikuwa umefutika na hakuna aliyeurudia, lakini rede ilikuwa inaendelea upande wa ukutani saa kumi na moja na robo, chandimu upande wa pili, na mpira ukivuka kila upande ulikuwa unarudishwa kwa teke na tusi dogo. Kioskini ndoo zilikuwa zimejipanga peke yake, nyeupe kwenye samawati, nyeupe kwenye nyekundu. Mwanafunzi mmoja akaanza kuzihesabu, akasita. Namba 14 zilikuwa mbili. Namba 3 zilikuwa tatu, moja imeandikwa kwa chokaa.

"Mwalimu, wameghushi," akasema.

Mama wa kioski alicheka mpaka akaegemea mlango. Ndoo zote za namba 3, akatueleza, ni za wavulana. Walianza kutumwa maji wiki iliyopita, na hawataki kupanga foleni. Kisha akachukua sufuria akaipiga, na wasichana wawili wakaja mbio kutoka uwanjani, mmoja bado ameshika chupa ya mchanga.

Mwanafunzi akaniuliza kama hilo liingie kwenye ripoti. Nikamwambia ripoti nilishaipokea jana.